Kindi wa Haapaniemi na Kimya Chako

Haapaniemi,
Kaarnalampi, Savo.
6 Mei 2012

Mpendwa mdogo wangu Kalervo,

Salamu nyingi zikufikie huko kwenye joto lako, wewe na wifi yangu Maureen na binti yenu. Mgongo wako unaendeleaje? Na kile kikohozi cha mgodini, kimekuacha au bado unalala umekaa? Nauliza kwa sababu sina njia nyingine ya kujua.

Sisi huku wazima. Nasema wazima kwa sababu ndivyo barua zinavyoanza. Ukisoma mpaka chini utaona ni uzima wa namna gani. Mume wangu Ensio magoti yanamsumbua, lakini hakuna dereva wa malori aliyestaafu na magoti mazuri. Barafu ya ziwani imeyeyuka wiki iliyopita na korongo wamerudi kwenye tope la nyuma ya rasi yetu, wanapiga kelele kama wamenunua mahali.

Simu hupokei. Nilipiga Krismasi, nikapiga siku yako ya kuzaliwa. Mara zote alipokea Maureen, akanimiminia Kiingereza chake, nikaambulia neno moja tu, kulala. Mtu gani huyo analala kila dada yake akipiga?

Badala yako akaniandikia mwanasheria. Anasema unataka mirathi ya baba na mama igawanywe, na kwa kuwa rasi haiwezi kukatwa vipande, basi iuzwe. Iuzwe pamoja na nyumba yangu iliyosimama juu yake. Mnunuzi mwenyewe ameshapatikana, watu wa mbao wa kutoka kusini. Na mimi mwanasheria ananiita “mrithi mwenza”. Mimi niliyekupangusa makamasi!

Hiyo nyumba hujaiona kwa macho yako, kwa hiyo tulia nikueleze unachotaka kuuza.

Magogo ni ya msonobari wa palepale rasini, Ensio aliyakata wakati wa baridi wa mwisho kabla hajastaafu, na kuyabandua magome nilibandua mimi. Mikono yangu ilinata utomvu mpaka watoto shuleni wakaniuliza kwa nini mpishi ananuka msitu. Katikati ya gogo na gogo tulishindilia majani laini ya koga ya msituni, yaliyokaushwa, kama alivyofanya babu, ingawa Ensio alitaka ile sufi ya dukani. Nikamwambia, “Sufi weka kwenye lori lako.” Chumba ni kimoja, na kidogo cha kulala pembeni, na baraza inayotazama maji. Hatukutaka zaidi. Wazee wawili wanahitaji chumba kingine cha nini, cha kununiana?

Siku ya kupandisha mwamba wa paa walikuja majirani wote kusaidia. Unajua desturi: mwamba ukishakaa, mwenye nyumba anawalisha waliojenga, na akiwa bahili wanamtundikia mtu wa majani juu ya paa, wapitao wote wamcheke. Basi Viljo, yule jirani yetu wa ng’ambo ya ghuba, alikuja na mtu wake wa majani ameshamfunga tangu nyumbani, kabla hata hajaonja supu. Nikamuuliza, “We Viljo, huna haya?” Akasema, “Nisamehe, Raili. Najua mpishi wa shule. Karoti moja, watoto mia mbili.” Watu walicheka mpaka Ensio akashika ngazi. Walikula supu ya mbaazi, mkate mweusi, na mkate wangu wa hiliki na kahawa, na yule mtu wa majani tukamtia motoni. Siku ile nilikuwa na furaha, Kalervo. Nilisema moyoni, nimefika.

Sasa nakuja kwenye sauna, kile kibanda chetu cha kuogea mvuke kando ya ziwa.

Unakumbuka sheria ya baba. Neno zito halikusemwa mezani, lilisemwa pale juu kwenye benchi, kwenye mvuke. Asiyekubali alishuka kimya, akatoka, akajitosa ziwani, na neno likafa palepale bila mtu kugombana na mtu. Anayekubali alichota maji kwa kata akayamwaga juu ya mawe ya moto. Ndivyo ng’ombe wetu walivyouzwa. Na ndivyo ulivyoruhusiwa wewe kwenda Australia: mama alishuka akaenda majini, akakaa huko mpaka baba akaanza kuchungulia dirishani, kisha akarudi, akapanda benchi, akamwaga maji yeye mwenyewe. Hakusema neno. Wala hakulitaja tena mpaka anaingia kaburini.

Basi kiangazi kile ulichokuja kumzika mama, tulikaa watatu, wewe, mimi na Ensio. Nikasema, “Tukistaafu nataka kujenga hapa rasini, tuishi hapahapa mpaka mwisho.” Ukanyamaza. Nikangoja ushuke, hukushuka. Ukanyoosha mkono, ukachota maji, ukamwaga. Mawe yakalia, mvuke ukatuchoma masikio. Ensio akasema, “Imepita,” nasi tukaenda kuogelea. Kibali cha ujenzi nilikichukua kwa ile hati ya usimamizi uliyoniachia wewe mwenyewe wiki ileile.

Leo mwanasheria wako anaandika kwamba mteja wake hakuwahi kuridhia nyumba yoyote, kwa mdomo wala kwa maandishi. Ni kweli tupu. Uliridhia kwa kata ya maji.

Au ulisikia baridi tu, Kalervo? Baada ya miaka yote ya Queensland, labda mzee wa watu alikuwa anatetemeka akaongeza mvuke, na mimi mjinga nikaenda kubandua magome ya magogo. Kama ni hivyo niambie, nicheke na mimi.

Wanatusema sisi Wasavo kwamba Msavo akifungua mdomo, kazi ya kujua alichosema ni ya msikilizaji. Heri hao wanaofungua mdomo! Nyumbani kwetu hata huo hatukuufungua.

Ngoja niwatazame ndege kidogo, hasira ishuke.

Niko barazani. Wale wawili wa shingo nyeusi, ambao bibi alikuwa akisema wakilia mvua inakuja, wamerudi kwenye ghuba yao. Mmoja anazama, mwingine anageuza kichwa kumtafuta, na akiibuka mbali anamsuta kwa sauti kubwa kabisa. Mimi na Ensio tunawaita Maaskofu kwa zile kola zao. Wiki iliyopita hirvi jike, yule kulungu mkubwa wa misitu yetu, alivuka ghuba kwa kuogelea, mkubwa kama farasi, na ndama wake wa mwaka jana nyuma yake, ingawa ameshapita umri wa kunyonya. Alipofika ufukweni akamgeukia akampiga teke. Keshakuwa mkubwa, ajitafutie. Nimeona kumbe hata wanyama wanaambiana waziwazi.

Lakini mpenzi wangu hasa alikuwa kindi. Si huyu kindi mwekundu wa mchana anayetuibia njugu. Namsema yule wa kijivu, mwenye ngozi iliyotandaa kutoka mkono hadi mguu, anayejiachia kutoka mti mmoja hadi mwingine kama leso iliyopeperuka kutoka kwenye kamba. Macho yake ni makubwa na meusi. Aliishi kwenye tundu la gogota, katika ule mti mkubwa uliokuwa ubavuni mwa nyumba, mmoja wa miti ile ile iliyoipa rasi jina la Haapaniemi, ya majani yanayotetemeka hata pasipo upepo. Jua lilipozama nilizima redio, nikakaa na kahawa yangu kumngoja atoke. Kwanza pua. Halafu anafikiri. Halafu huyoo!

Ensio tangu mwanzo hakuutaka ule mti. “Majani yote kwenye mlizamu,” alisema kila msimu wa majani kupukutika. “Siku moja utatuangukia kitandani.” Nami nilimjibu, “Ukiugusa, lala kwenye lori.” Lori lenyewe lilishauzwa, lakini alinielewa.

Mwezi wa tatu, theluji ikiwa bado ngumu, alikuja kijana wa watu wa mbao kuitazama rasi. Alitembea na kikunjo cha utepe wa rangi ya waridi akifunga miti ya kukatwa, huu, huu, na huu. Ensio alimwangalia dirishani, mishipa ya shingo imemsimama. Mimi nikamwita ndani anywe kahawa. Ungefanyaje? Mtu akifika mlangoni anapewa kahawa hata kama amekuja kukuzika. Akala vipande vitatu vya mkate wangu wa hiliki, na alipokuwa anaaga akasema, “Pamependeza sana hapa, mama.” Nikamjibu, “Ndiyo maana umepafunga utepe.” Akaona haya mpaka masikio yakawa rangi ya utepe wake. Alipotoka nikaona na ule mti wa ubavuni umefungwa.

Viljo ndiye aliyenifungua macho. Alikuja kwa miguu juu ya barafu, akausimamia ule mti, akapekua theluji chini yake kwa ncha ya kiatu. Palikuwa na chembe nyingi, za njano, kama punje za mchele uliotiwa manjano. “Unajua haya ni nini, Raili?” Nikamwambia najua, ni mavi ya kindi wangu. “Haya ni mavi ya sheria,” akasema. “Huyu mnyama analindwa. Mti anaolala hauruhusiwi kukatwa, wala ile ya jirani anayopitia. Mpigie simu mtu wa mazingira aje ayaone. Akishaandika tu, hao wa mbao watakimbia, na hakuna mwingine wa kununua tope na korongo.”

Nikapiga simu siku hiyohiyo. Akasema atakuja baada ya Pasaka. Na Ensio sikumwambia. Nilijiambia, asije akatumaini bure, tayari presha inamsumbua. Nitamwambia siku mambo yakiwa tayari, nimshangaze.

Unaona ninakokwenda, sivyo? Wewe ni wa nyumba ileile.

Alhamisi kabla ya Pasaka nilikwenda kijijini kumtazama shangazi Irja kule wanakowatunza wazee. Niliporudi, kabla sijafika kwenye geti, niliona mbingu mahali ambapo hapakuwa na mbingu. Ensio alikuwa amekaa juu ya shina, msumeno pembeni, jasho linamtoka, amefurahi kama mtoto. “Walikuwa wameufunga utepe wao,” akaniambia. “Nikasema, kama ni kukatwa, tutaukata sisi. Hawapati hata kuni.” Alikuwa amefanya hivyo kwa ajili yangu, Kalervo. Kwa magoti yale.

Nikamuuliza, “Na kindi?” Akasema, “Kindi ni kindi, atapata mti.” Nikaenda kwenye lile tundu, limepasuka mti ulipoanguka. Ndani kulikuwa na zile ndevu za miti zinazoota matawini, laini, zimesukwa mviringo, bado zina umbo la aliyekuwa amelala. Yeye mwenyewe hakuwemo. Hapo ndipo nilipomwambia Ensio yote, nikiwa nimesimama kwenye vumbi la mbao. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua glavu zake, akaziweka juu ya shina, akaingia ndani. Tangu siku hiyo msumeno hajaushika.

Nilimtukana, sikufichi. Nilimtukana usiku na mchana kwa siku kadhaa. Halafu Viljo akaja na habari nyingine. “Raili, sasa nyamaza kabisa,” akasema. “Yule mtu akija kuhusu kindi, atauliza mti uko wapi. Kuukata ni kosa. Atamwandika Ensio.” Kwa hiyo sheria niliyoiita initetee ikawa inamtafuta mume wangu.

Simu ya kumzuia asije nilipiga, hakuna aliyepokea. Akaja. Ni mwanamke, kijana, na buti za mpira na darubini shingoni. Nikampa kahawa. Nikamwambia, “Nilikosea, binti. Macho ya kizee. Ilikuwa chavua tu.” Akaniangalia, akaangalia dirishani. Kisiki chote Ensio alikuwa amekifunika kwa matawi ya misonobari, kama mtu anayeficha ng’ombe chini ya leso, na kuni mbichi zimepangwa ukutani zinanuka hadi ndani. Ensio mwenyewe alikuwa amekaa kando ya jiko, mikono katikati ya magoti, hanyanyui macho. Yule binti alikunywa kahawa yake polepole. Akasema mkate una hiliki ya kutosha. Akavaa buti zake, na mlangoni akanigeukia: “Ukiona chavua nyingine, mama Raili, chini ya mti wowote, nipigie. Namba unayo.” Basi.

Ndivyo tulivyo sasa. Rasi ina tepe za waridi, nyumba ina wazee wawili wasiotazamana vizuri, na mimi sina silaha. Pesa za kukulipa sehemu yako hatuna, zote tulizitia katika magogo. Mwanasheria anataka jibu mwezi wa sita.

Kwa hiyo nafanya jambo ambalo kwetu halijawahi kufanyika. Nakuomba kwa maneno. Usiuze Haapaniemi. Nataka kufia hapa, na Ensio afie hapa, na asubuhi niwaone Maaskofu wangu kwenye ghuba. Tukishaondoka fanya utakavyo, wape watu wa mbao, wape korongo, shauri yako. Ndugu ni kufaana, Kalervo. Kufanana tumefanana vya kutosha.

Kama una shida, iseme. Kama mgongo unahitaji daktari, kama nyumba yenu inachukuliwa, kama binti ana jambo, sema, tutafute njia pamoja. Sijui lolote kuhusu maisha yako. Najua tu kwamba unalala sana.

Nakukasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu. Nilitaka ulijue na hilo, lisikupitie kwa mwanasheria.

Shangazi Irja anakusalimu. Ananiita kwa jina la mama siku hizi, lakini wewe anakukumbuka, anauliza kama umeshapata koti. Viljo anakusalimu na anasema bado una deni la ndoano yake uliyoipoteza mkiwa watoto. Ensio hajasema nikusalimie, lakini amenisogezea taa niandikie vizuri, chukua hiyo iwe salamu. Msalimie sana Maureen, umwambie nitajifunza neno la pili la Kiingereza. Mkumbatie binti yenu.

Mungu akunyooshee mgongo, akulainishie kifua, akulinde katika nchi hiyo isiyo na majira ya baridi.

Wako, akupendaye na kukukasirikia kwa kalamu moja,
Dada yako Raili

Tena: Nilikuwa nimeshaifunga bahasha, nimeifungua. Asubuhi hii nilikwenda kuteka maji ya sauna. Nyuma yake, chini ya ule mti uliokuwa ukiupanda kumkimbia baba, ule wenye kovu la shoka lako, kuna chembe za njano. Nyingi, mbichi. Nikanyanyua uso, na kwenye tundu la juu kulikuwa na pua.

Namba ya yule binti iko ukutani, kando ya jiko. Simu moja tu, na hakuna mtu wa misumeno atakayeitaka Haapaniemi, hata mwanasheria wako aje na joho. Bado sijapiga. Nimekuambia wewe kwanza, kabla ya Ensio na kabla ya Viljo. Nikipiga, nitashinda kwa mavi ya kindi, na nitabaki sina ndugu. Nataka kushinda kwa neno lako.

Niandikie ndiyo, au niandikie hapana, hata ukiandika kwamba ulisikia baridi tu, nitasoma. Usininyamazie tu. Juu ya kimya chako nimeshajenga nyumba.